Nani Ataatamia? Kisa cha Banda la Shangazi, Mkuranga

Shangazi alinipigia simu mwezi wa pili, saa nane mchana. "Baba, kuku wanakufa na hawaumwi." Nilipofika kwake jioni, kijijini ndani ya wilaya ya Mkuranga, watatu walikuwa wameshafukiwa na wawili wamewahiwa kisu. Wote watano walikuwa Sasso, kuku wa kisasa wa kununua, mitetea wakubwa wekundu aliowanunua wakiwa vifaranga wa mwezi mmoja, akawalisha miezi mitano kwa pumba, dagaa na fedha ya korosho. Kuku wake wa kienyeji waliokuwa wakichakura chini ya mikorosho hakufa hata mmoja.

Majirani walikuwa na jibu kabla sijavua viatu: kuku wa kisasa hawaliwezi joto la Pwani. Jibu hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, lakini lingemfanya Shangazi abomoe kitu kisichokuwa na kosa. Tumechukua karibu miaka minne kupata mpango wa mbegu unaolifaa banda lake, na katikati tulikosea vibaya mara moja. Nakieleza kisa chote, pamoja na kosa hilo, kwa sababu naliona kosa lile lile katika nyumba nyingi zenye kuku kumi hadi thelathini.

Alichokuwa nacho na alichokitaka

Kwanza nilimkalisha chini nikamwomba aniambie anataka kuku wa nini. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Aliyemuuzia vifaranga alimuuliza anataka wangapi, basi.

Alitaja mambo matatu. Anataka mayai ya kupeleka njia panda kila Alhamisi, anakokutana na wanawake wanaokusanya mayai ya kienyeji kwa ajili ya wateja wa Dar es Salaam. Anataka jogoo asiyewagusa wajukuu. Wapo wawili nyumbani, mmoja ana miaka saba na mwingine mitatu. Na anataka kuku wanaojitafutia sehemu ya chakula chao, kwa kuwa kaskazi likipiga hana nguvu ya kukaa anawabembeleza.

Kabla ya Sasso alikuwa na mitetea kumi na wawili wa kienyeji na jogoo mmoja wa kuchi. Anayewajua kuchi ameshaelewa: kuku mrefu, shingo ndefu, upanga mdogo wa kichwani kama punje iliyobanwa, miguu minene, manyoya machache yaliyoshika mwili. Ni miongoni mwa kuku wazito zaidi wa asili waliochunguzwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, walipowapanga kuku wetu kwa makundi kama Kuchi, Singamagazi, Mbeya na Ching'wekwe. Sokoni kuchi hupata bei nzuri kwa umbo lake. Lakini ni kuku aliyechaguliwa vizazi kwa vizazi kwa ajili ya kupigana, na ugomvi huo unarithiwa kama unavyorithiwa urefu wa miguu. Jogoo yule alimrukia mjukuu mdogo akamchana shavu kwa kipi, ule mwiba wa mguuni, sentimita mbili chini ya jicho. Alichinjwa siku hiyo hiyo, ila watoto wake wa kiume watatu walibaki bandani, na wawili kati yao walikuwa wameshaanza kuwaendea watu ubavu ubavu, bawa moja likiburuza chini.

Ndipo Shangazi alipoamua kuachana na damu ya kuchi na kununua Sasso tisa. Sababu yake ilikuwa ya haki kabisa. Sasso ni wapole. Unawapita, unawashika, wanatulia.

Kilichowaua

Joto la mwili wa kuku ni karibu nyuzi 41. Hatoi jasho. Hupoza mwili kwa kuhema mdomo wazi na kwa damu inayopita kwenye upanga, ndevu na miguu, sehemu zisizo na manyoya. Hewa ikiwa na unyevunyevu, kama ilivyo kwetu mwezi wa kwanza hadi wa tatu, kuhema hakumsaidii sana kwa kuwa maji hayakauki upesi kutoka kwenye njia ya hewa. Kuku mzito, mwenye mafuta, aliyetoka kula, ana joto lake mwenyewe juu ya lile la nje.

Kwa hiyo Sasso alikuwa na hatari zaidi, kweli. Lakini tazama walikuwa wapi. Kwa kuhofia wezi, Shangazi aliwafungia mchana kutwa kwenye banda la bati ambalo mtu mzima hawezi kusimama ndani, kuta zimekandikwa udongo hadi juu, beseni la maji ndani likiwa limepashwa na jua. Chakula aliwapa saa sita. Kuku wa kienyeji muda huo walikuwa wamelala kwenye vumbi chini ya mkorosho, upepo wa bahari unapita. Angewafungia kienyeji kwenye bati lile, na wao wangeanguka.

Tulipandisha paa, tukatandika makuti juu ya bati, tukabomoa nusu ya juu ya kuta mbili tukaweka wavu, tukahamishia maji kwenye mitungi ya udongo kivulini. Chakula kikawa alfajiri na saa kumi na moja jioni. Sasso wanne waliobaki waliuvuka mwezi wa tatu, wakauvuka na mwaka uliofuata.

Hapa ndipo wengi hunielewa vibaya ninaposimulia, hudhani nawatetea kuku wa kisasa. Nasema tu kwamba huwezi kuhukumu mbegu kabla hujalihukumu banda. Baada ya banda kukaa sawa, swali la mbegu lilibaki pale pale, na sasa tuliweza kuliona bila kufunikwa na vifo. Sasso wale wanne walitaga vizuri, na katika muda wote waliokaa kwa Shangazi hakuna hata mmoja aliyeatamia.

Hesabu ya kuatamia

Kuku wa mayai na chotara wengi wa kununua wamechaguliwa waache kuatamia, kwa sababu mtetea anayeatamia hatagi. Kwa mwenye mashine ya kutotoleshea hilo ni faida. Shangazi hana umeme. Nguzo zimeishia barabarani. Mashine yake ni mtetea wa kienyeji: hahitaji mafuta ya taa, hageuzwi mayai na mtu, na vifaranga wakitoka anawapa joto, anawafundisha kuchakura na kuwapigania. Akimpoteza huyo, kila kizazi cha kuku itabidi akinunue.

Upande wa pili wa hesabu ndio huo huo. Mtetea wa kienyeji hutaga mayai 13 hivi kwa siku 18, huatamia siku 21, kisha hulea vifaranga miezi miwili na nusu kabla hajarudi kutaga. Jumla ni siku 114. Gawanya mwaka: mizunguko mitatu na kidogo, mayai 41 au 42. Nayo si ya kuuza, kwa kuwa mengi yamelaliwa.

Nilimwonyesha kwamba bila kugusa mbegu kabisa, akiwaondoa vifaranga kwa mama yao wakiwa na wiki nne na kuwaweka kwenye kizimba chenye joto, siku 75 za kulea zinakuwa 28. Ongeza siku kumi za kupumzika na kurudi kwenye hali, mzunguko unakuwa siku 77, na mayai yanakaribia 62 kwa mwaka. Hiyo ni hesabu ya kwenye karatasi. Mvua, viroboto na chakula kidogo vitaipunguza. Hata hivyo ni nyongeza isiyodai jogoo mpya, na ndiyo ya kwanza tuliyoifanya. Kizimba tulikitengeneza kwa tenga kuukuu, magunia, na chungu cha mkaa uliofunikwa majivu wakati wa usiku.

Swali la mbegu likawa limejifunga lenyewe: tunatafuta kuku wa mayai mengi bila kumpoteza anayeatamia. Na hao si lazima wawe kuku mmoja.

Majogoo waliofikiriwa

Wa kwanza alikuwa kroila, chotara wa asili ya India aliyesambaa Uganda na kwetu. Anakua upesi na anazurura vizuri kuliko Sasso. Mradi wa kuku wa Afrika ulioanza 2014 chini ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, uliwapima kroila na Sasso mikononi mwa wafugaji wa vijijini Tanzania, na wote wawili ni kuku wa kweli, si maneno ya wauzaji. Nilimkataa kama jogoo wa kupandishia kwa sababu moja: yeye mwenyewe ni chotara. Watoto wa chotara hutoka kila mmoja na sura yake. Kroila hununuliwa kwa kufugwa. Kumfanya baba wa ukoo ni kucheza bahati nasibu.

Wa pili alikuwa jogoo wa kuku wa Malawi. Jina hilo limetoka nchi iliyowasambaza sana vijijini, lakini ni Australorp mweusi, mbegu iliyotengenezwa Australia kutokana na Orpington weusi wa Uingereza. Ni mbegu kamili, inayozaa mfano wake. Sifa yake ni mayai: mwaka 1922–23 mitetea sita wa aina hii walitaga mayai 1,857 kwa siku 365, karibu 310 kila mmoja, na ilikuwa rekodi ya dunia. Wa leo wa kijijini hafikii hapo hata nusu, lakini damu ya kutaga ipo. Na ni mpole. Jogoo wa Malawi wengi niliowashika hutulia mkononi. Kasoro yake kwa Pwani ni weusi na uzito, juani anateseka.

Wa tatu alikuwa jogoo kishingo wa kienyeji, yule asiye na manyoya shingoni. Watu wa kwetu humdharau, humwita mgonjwa, na mnunuzi hushusha bei. Mimi nampenda sana kuku huyu na nataka nieleze kwa nini. Hali ile ya shingo wazi inatokana na chembe moja ya urithi, na haiishii shingoni; inapunguza manyoya mwili mzima. Mwenye dozi moja, aliyerithi upande mmoja tu, ana manyoya pungufu kwa robo hivi. Mwenye dozi mbili hupungukiwa hadi karibu asilimia 40. Ngozi iliyo wazi inatoa joto, na joto likizidi nyuzi 30 kuku huyu huendelea kula na kutaga wakati wenzake wamebaki kuhema. Lushoto au Njombe kusikokuwa na joto hilo, sifa hiyo haina kazi. Mkuranga ina kazi miezi mingi.

Kumtambua mwenye dozi moja ni rahisi: ana kishungi kidogo cha manyoya mbele ya shingo, chini ya koo, kama tai ndogo. Mwenye dozi mbili shingo ni tupu kabisa. Jogoo wa shingo tupu kabisa akimpanda mtetea yeyote, vifaranga wote watatoka kishingo. Jogoo mwenye kishungi akimpanda mtetea wa kawaida, nusu yao.

Hapo niseme na kuhusu kidimu, kuku wa manyoya yaliyojikunja, kwa sababu mjukuu mkubwa ana kidimu wake na alitaka tumpandishe na kidimu mwenzake. Kidimu naye hupata nafuu kidogo ya joto. Ila kidimu kwa kidimu, robo ya vifaranga hurithi pande zote mbili na manyoya yao hukatika hadi wanabaki karibu uchi, ngozi inaungua jua, na mvua ya masika ikiwakuta huwaua. Kidimu apandishwe na kuku wa manyoya ya kawaida, siku zote. Mtoto alielewa haraka kuliko baba yake.

Mpango

Tuliamua kuwa na makundi mawili. Kundi la kwanza, kundi la mama: mitetea wote wa kienyeji wanaoatamia vizuri, pamoja na jogoo kishingo mpole. Hawa ndio chimbuko, na ndani yao haingii damu ya nje. Kundi la pili: mitetea sita waliochaguliwa kutoka kundi la kwanza, wanne wao kishingo wenye kishungi, na jogoo wa Malawi. Watoto wa kundi la pili ni chotara wa mayai. Mitetea wao wanataga hadi wachoke, majogoo wao wote wanauzwa au kuchinjwa. Hakuna chotara anayekuwa mzazi.

Kosa ambalo hufuta mipango ya namna hii mapema ni kudhani kwamba ukileta jogoo mpya leo, vifaranga wa mwezi ujao ni wake. Mtetea akishapandwa huhifadhi mbegu za jogoo mwilini kwa wiki mbili, pengine hadi tatu. Na kuku wanaozurura kijijini hupandwa na jogoo wa kila boma. Kwa hiyo tulijenga uzio wa miti na wavu chini ya mkorosho mkubwa, sehemu yake imeezekwa makuti, tukawafungia wale sita na jogoo wao. Mayai ya wiki tatu za mwanzo yote yaliuzwa. Yaliyofuata tuliyaandika tarehe kwa penseli na hatukuweka lolote kwa kuatamiwa likipita siku kumi.

Mayai hayo tuliwawekea mitetea wanne wa kundi la mama waliokuwa wamelalia. Mama mlezi si lazima awe aliyetaga. Tulimwondolea kila mmoja mayai yake usiku, tukamwekea 12 mapya. Jumla 48. Walitoka vifaranga 39.

Kabla sijasonga mbele: kila kuku wa banda lile hupigwa chanjo ya kideri ya I-2, inayotengenezwa na maabara ya mifugo ya serikali, tone moja la jicho kila miezi mitatu. Kienyeji hufa kwa kideri kama wengine, yasikudanganye maneno ya barazani. Kupanga mbegu miaka miwili bila chanjo ni kazi ambayo wiki moja ya kideri huimaliza.

Ukali na upole

Nilikuwa nimeingia na wazo kwamba tunatafuta upole, basi. Kunguru walinifundisha vinginevyo.

Pwani yetu imejaa kunguru wenye shingo ya kijivu, wale wa asili ya Bara Hindi walioletwa Unguja miaka ya 1890 wakaenea hadi bara. Wanachukua vifaranga mchana kweupe, wakishirikiana wawili wawili: mmoja anamvuta mama, mwenzake anabeba. Kati ya mitetea wetu wanne walezi, mmoja alikuwa mtulivu mno, kipenzi cha watoto, unamshika akiwa na vifaranga na halalamiki. Wiki ya tatu alikuwa amebakiwa na vifaranga wanne kati ya kumi. Mwingine, mwekundu mdogo mwenye nusu ya damu ya yule kuchi aliyechinjwa, alimfuata kunguru hadi juu ya paa. Alipoteza mmoja tu. Alinidonoa na mimi nilipokwenda kuhesabu vifaranga wake, mkono ukatoka damu, na nilifurahi.

Kwa hiyo hakuna tabia moja inayoitwa upole ambayo unaichagua kwa banda zima. Ukali wa mama anayelea una muda wake: unaanza akilalia mayai, unakwisha akiachana na watoto. Ukali wa jogoo kwa watu hauna msimu na unazidi kadiri anavyokomaa na vipi vyake vinavyorefuka. Tulianza kuandika mambo mawili tofauti katika daftari. Kwa mitetea: amebakiza vifaranga wangapi kufikia wiki nne. Kwa majogoo: anamfanyaje mtu mwenye beseni.

Jaribio la beseni ni la Shangazi mwenyewe na sijaona bora zaidi. Vijogoo wakifika miezi minne hadi mitano, anapita katikati yao na beseni tupu, taratibu, asubuhi tatu mfululizo. Anayekimbia sana anaachwa hivyo hivyo. Anayekaa mbali kidogo akitazama mitetea wake anawekewa alama ya uzi mguuni. Anayekuja ubavu, akidondosha bawa, akipiga mguu chini, hafiki Ijumaa. Hapewi nafasi ya pili, hata akiwa mzuri namna gani, na watoto wamekatazwa kumchokoza jogoo yeyote, maana jogoo anayerushiwa mawe hujifunza kuanza yeye.

Mwaka tulioteleza

Chotara wa kwanza walitoka vizuri kuliko nilivyotarajia. Karibu wote weusi, vijogoo wakiwa na shingo ya dhahabu, na wapatao nusu ya watoto wa wale mitetea wanne kishingo walikuwa kishingo pia. Walifika umri mkubwa 27: mitetea 14, majogoo 13. Mitetea walianza kutaga kwenye mwezi wa sita, na mwaka wa kwanza daftari lilionyesha kati ya mayai 90 na 120 kwa kila mmoja, kwa pumba, mashudu ya alizeti kidogo, dagaa, na maganda ya kome na chaza yaliyosagwa. Maganda yale ni lazima. Ganda la yai moja linabeba gramu mbili hivi za kalisi, na mtetea asiyepata kalisi kwenye chakula huitoa kwenye mifupa yake.

Kati ya hao 14, watatu walilalia. Mmoja aliacha mayai siku ya 12, yamepoa. Kwa hiyo ilikuwa kama tulivyopanga: wa kutaga watage, wa kuatamia waatamie.

Kisha jogoo wa Malawi akafa. Aliumwa na nyoka, au ndivyo tulivyodhani kwa jinsi alivyovimba. Jogoo mwingine alipatikana mbali na kwa bei ya juu, na pale bandani kulikuwa na jogoo chotara wa shingo ya dhahabu, mkubwa, mpole, aliyefaulu beseni asubuhi zote tatu. Shangazi akauliza, "Huyu ana ubaya gani?" Nilijua jibu na sikulisema kwa nguvu. Nilikuwa nimempenda na mimi. Tukamwacha awapande dada zake na mitetea wa kundi la mama.

Vifaranga wa mwaka ule walitoka kila aina. Wakubwa, wadogo, weusi, wekundu, wa miguu mirefu kama kuchi, wengine dhaifu tangu yai. Mitetea wao walitaga wastani wa 70, wengine 40, wengine 110. Kilichotuumiza zaidi kilikuwa kuatamia: waliolalia walikuwa wachache, na kundi la mama lilikuwa limepungua kwa kuwa tuliuza wakongwe tukitegemea binti zao. Mwezi wa saba, wakati upepo wa kusi unapoza nchi na vifaranga wanakua vizuri, tulikuwa na mayai mengi yenye mbegu na mtetea mmoja tu aliyelalia.

Kilichotokea kinaelezeka. Chotara wa kwanza anapata nusu kamili kutoka kila upande, na mbegu mbili za mbali zikikutana hutoa nguvu ya ziada, ile watu wanayoiita nguvu ya uchotara. Wakipandana wenyewe kwa wenyewe, urithi unachanganywa upya kama karata, kila kifaranga anapata mkono wake, na nusu ya nguvu ile inapotea kizazi hicho hicho. Ongeza undugu: kaka kwa dada. Jogoo yule hakuwa na ubaya wowote yeye mwenyewe. Ubaya ulikuwa kumfanya baba.

Kurudi nyuma kulitugharimu mwaka. Shangazi alizunguka vijiji viwili akikusanya mitetea wa kienyeji, na nilimwomba asiulize wanataga mangapi. Aulize: "Huyu ameshatotoa mara ngapi, na alibakiza wangapi?" Wanawake wanaofuga hulijua hilo kwa kichwa, kuku kwa kuku. Alipata wanane. Jogoo kishingo alikuwa bado yupo, shingo tupu kabisa. Jogoo wa Malawi tulimnunua kwa kuchangiana na majirani wawili. Anakaa kila nyumba miezi minne, na kila nyumba imejenga uzio wake.

Ganda la yai

Jambo moja hatukulitegemea. Mayai ya chotara ni makubwa kidogo na yana rangi ya kahawia hafifu, kwa kuwa Malawi hutaga kahawia. Mnunuzi wa njia panda aliyakataa wiki ya kwanza: "Haya ya kisasa haya." Kwa wateja wake yai la kienyeji ni dogo na karibu jeupe. Kuku wanakula majani na kumbikumbi chini ya mikorosho, kiini ni cha njano iliyoiva, lakini yeye anauza ganda, hauzi kiini. Shangazi alimpasulia mawili kwenye bakuli mbele ya wanawake wengine. Akayachukua, ila kwa wiki kadhaa aliyalipia pungufu. Sasa anayachanganya kwenye trei, na mayai ya kundi la mama yanauzwa peke yake kwa wanaoyataka hayo tu. Anayepanga kuchanganya mbegu amuulize kwanza mnunuzi wake anatambuaje yai, kabla ya kununua jogoo.

Hali ilivyo leo: kundi la mama lina mitetea 15 na jogoo kishingo mpya, mtoto wa yule wa zamani kwa mtetea aliyenunuliwa mbali, ili damu isijirudie sana. Chotara wanaotaga ni 19. Kwenye viota vya makuti wamelalia wanne, watatu wana mayai ya uzioni na mmoja ana ya kwake mwenyewe, kwa sababu ni yule mwekundu mdogo mwenye damu ya kuchi na Shangazi anataka binti zake. Vijogoo wake watapita kwenye beseni kama wengine.